"Adunatos": Haiwezekani, au Hana Nguvu?



Katika vikao vya kamati zetu neno "haiwezekani" husikika mara nyingi: mvua haikutosha, mtama umekauka, michango ni midogo. Katika toleo hili tunaliangalia neno la Kigiriki lenye maana hiyo katika Agano Jipya, yaani adunatos. Limetokana na a, "bila", na shina moja na dunamis, "nguvu" au "uwezo".

Neno hili hutumika kwa namna mbili.

Kwanza, likihusu jambo, ni lile lisilowezekana. Katika Mathayo 19:26 Yesu anafundisha kwamba wokovu unaowashinda wanadamu haumshindi Mungu.

Pili, likihusu mtu, ni yule asiye na nguvu. Kiwete wa Listra katika Matendo 14:8 anaitwa adunatos wa miguu. Na katika Warumi 15:1 Paulo anawaambia wenye nguvu wajibu wao wa kubeba udhaifu wa hao adunatoi. Kitenzi alichotumia ni kile cha kudaiwa. Kumbe ni deni, si hisani.

Hapa Hombolo, penye kituo cha ukoma cha Kanisa Anglikana, maana zote mbili zinaonekana. Kwa vizazi vingi ukoma ulihesabiwa kuwa hauponi. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, na leo mgonjwa hutibiwa bure kwa miezi 6 au 12 akapona. Lisilowezekana limewezekana.

Lakini dawa huua vijidudu tu; haifufui neva zilizokufa. Aliyepona anaweza kubaki na miguu isiyohisi. Hukanyaga mwiba asijue, na kidonda kisipotunzwa huweza kumpotezea mguu. Huyu anahitaji viatu laini, maji ya kuloweka miguu kila siku, na jirani wa kumkagulia nyayo macho yake yakiwa hafifu. Hayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parishi, na ninyi wafadhili wetu, kabla ya kuandika "haiwezekani" kwenye muhtasari wa kikao, tujiulize: je, hili ni jambo linalotushinda, au ni mtu tunayedaiwa kumbeba? La kwanza tuliombee. La pili tuliombee pia, kisha tulitengee fungu katika bajeti.