Malala na Shule ya Wasichana

Pakistan ni nchi ya Asia, ng'ambo ya bahari. Kaskazini ya nchi hiyo lipo bonde liitwalo Swat, lenye milima, mito na matunda mengi. Mji wake mkubwa ni Mingora. Hapo ndipo alipozaliwa Malala Yousafzai, mwaka 1997.

Baba yake, Bwana Ziauddin, alikuwa mwalimu mwenye shule yake mwenyewe. Mama yake, Bibi Toor Pekai, hakujua kusoma. Utotoni alipelekwa shule, akawa msichana peke yake kati ya wavulana. Wasichana wenzake walikuwa nyumbani wakicheza. Akaviuza vitabu vyake, akanunua peremende. Masomo yakaishia hapo, wala hakuna aliyemuuliza.

Malala alipokuwa mtoto, Swat iliingiliwa na watu wenye silaha, Wataliban. Kiongozi wao alikuwa na redio. Humo alisema shule haiwafai wasichana. Msichana aliyeacha masomo alitajwa jina na kupongezwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto anasifiwa mbele ya watu wote kwa sababu ameacha kusoma! Shule nyingi zililipuliwa. Kisha wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 15 Januari, 2009, msichana yeyote asionekane shuleni. Walisema hiyo ndiyo dini. Lakini Malala na wazazi wake ni Waislamu, nao walijua kwamba Uislamu haumkatazi mwanamke elimu.

Mwandishi wa habari wa BBC alitafuta mwanafunzi wa kueleza mambo yanayotokea kila siku. Msichana mmoja alikubali, wazazi wake wakamkataza kwa hofu. Malala, mwenye miaka 11, akasema yuko tayari. Baba yake hakumzuia. Jina lake likafichwa, akaitwa Gul Makai.

Hakutoa hotuba. Alisema tu aliyoyaona. Siku moja, katika darasa la wasichana 27, walifika 11. Waliambiwa wasivae sare, wasije wakajulikana njiani. Vitabu walivificha ndani ya mitandio. Maneno hayo yalisomwa katika nchi nyingi. Mwenye bunduki anaweza kubishana na hotuba, lakini atabishanaje na hesabu ya madawati matupu?

Baadaye Malala alisema waziwazi, kwa jina lake, hata katika televisheni. Wataliban wakamtishia kumwua. Hakunyamaza.

Tarehe 9 Oktoba, 2012, wasichana walikuwa wanarudi nyumbani kutoka kwenye mtihani, ndani ya gari la shule. Mtu mmoja alilisimamisha gari. Mwingine akauliza Malala ni yupi, kisha akampiga risasi kichwani. Wenzake wawili pia walijeruhiwa. Wote watatu walipona. Malala alipelekwa Birmingham, Uingereza, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Mwezi Machi, 2013, akaingia darasani tena.

Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Kailash Satyarthi wa India, mtetezi wa watoto wanaofanyishwa kazi. Malala alikuwa na miaka 17. Hajapata kuwako mtu mdogo kuliko yeye aliyepewa tuzo hiyo. Mwaka 2020 alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Na mama yake? Siku ile Malala alipopigwa risasi, Bibi Toor Pekai alikuwa shuleni kwa mumewe. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kisomo, mtu mzima mwenye watoto watatu. Huko Birmingham akaendelea, akajifunza kusoma, kuandika, na lugha ya Kiingereza.