Zamu ya Mtoto Kutuma

Tangu mwaka 2018, wakazi wa mji wa Milton Keynes, Uingereza, huletewa mahitaji ya dukani na roboti zenye magurudumu sita. Ni za kampuni ya Starship, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, walioshiriki pia kuunda Skype. Hupita njia za waenda kwa miguu kwa mwendo wa kilomita kama 6 kwa saa, zikipeperusha kibendera.

Zinajuaje njia? Mtoto akiuliza hivyo, mpe kazi ya kutuma. Chora miraba kwa chaki sakafuni, weka ndoo mbili tatu, kisha mtoto mmoja awe roboti. Mwenzake aandike amri: mbele hatua 3, geuka kulia, mbele hatua 2. Roboti haruhusiwi kutumia akili yake. Akiandikiwa “nenda kwa bibi”, asimame tu. Anayetumwa dukani huambiwa maneno manne, yaliyobaki akajijazia. Mashine haijazi. Watoto watacheka sana, na tayari wameanza kuandika programu, kompyuta ikiwa bado kabatini.

Mbinu hii ina umri. Mwaka 1967, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, walibuni Logo, lugha ya programu iliyokuja kumwongoza “kasa” wa kimashine sakafuni. Mtoto akikwama, Papert alitaka ajifanye kasa, aitembee njia mwenyewe mpaka aone amri iliyokosewa. Leo ipo Scratch, lugha ya programu kwa watoto, tena ya bure. Vifaa vya bei ghali, kwa maoni yangu, vinaweza kungoja.

Sasa hamisha ndoo moja kimyakimya. Roboti akifuata amri zilezile, ataigonga. Ndipo inapohitajika “ikiwa”: ikiwa kuna kitu mbele, simama. Lakini mashine itakionaje? Kihisi cha sauti hutoa mlio tusioweza kuusikia, kikapima muda wa mwangwi kurudi. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 6, ndoo iko karibu mita moja mbele, si mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Waache watoto wabishane kwanza kuhusu hiyo nusu.

Umbo la roboti nalo lina maswali yake. Mayai yakae wapi? Gurudumu dogo litapandaje ukingo wa barabara? Roboti za Starship hufungwa mfuniko, na mteja huufungua kwa simu yake. Na asiye na simu janja? Wape watoto maboksi, gundi na swali hilo.