KUKU ANAYEATAMIA: AACHWE AU AZUIWE?

Katika nyumba nyingi za wanachama, kuku wachache wa kienyeji ndio akiba iliyo karibu kuliko zote. Mayai hununua chumvi na madaftari, na jogoo mmoja huokoa siku mtoto anapougua usiku. Mapato hayo hukatika ghafla kuku anapoacha kutaga na kuanza kuatamia. Wafugaji wengi humwachia kuku mwenyewe aamue aatamie lini na juu ya mayai mangapi. Makala haya yanaeleza kwa nini yafaa uamuzi huo uwe wa mfugaji, na jinsi unavyoweza kutekelezwa bila kumtesa kuku.

Kiini cha Tabia Hii

Kuatamia si ugonjwa wala ukaidi. Baada ya kuku wa kienyeji kutaga mayai kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 15, mwili wake huongeza homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo husimamisha utagaji na kumfanya kuku apende kukaa kiotani. Giza na joto la kiota, pamoja na mayai yanayoachwa yarundikane, huharakisha hali hiyo. Kuku wa aina ya Leghorn huatamia kwa nadra, kwa kuwa vizazi vingi vya aina hiyo vilichaguliwa kwa wingi wa mayai. Kuku wa kienyeji wamebaki na tabia hii, nayo ndiyo inayowawezesha kuzaliana vijijini bila mashine ya kutotolea.

Dalili zake hazifichiki. Kuku hubaki kiotani usiku badala ya kulala na wenzake. Akikaribiwa hutimua manyoya, hunguruma na kudonoa. Manyoya ya kifuani hupungua, na kinyesi chake huwa kikubwa na chenye harufu kali kwa sababu hukizuia mpaka atoke kiotani.

Hesabu ya Siku

Tuseme kuku anataga mayai 12 kwa muda wa siku 17, anaatamia kwa siku 21, kisha anatembea na vifaranga kwa wiki 12. Mzunguko huo humaliza siku 122. Kwa hiyo mwaka mzima una mizunguko 3 tu, yaani mayai 36. Katika kila mzunguko, siku 105 hupita bila yai hata moja.

Siku hizo si hasara iwapo vifaranga wengi wanakua. Ni hasara iwapo mayai yalikuwa viza, au vifaranga waliangukia mikononi mwa mwewe na kicheche. Hasara huwa kubwa zaidi kuku anapoatamia kiota kitupu, maana huendelea kukaa humo kwa wiki kadhaa huku akikonda, akitoka kula mara moja au mbili tu kwa siku. Ndiyo sababu mfugaji apaswa kuamua katika siku mbili za kwanza. Kadiri kuku anavyokaa zaidi kiotani, ndivyo inavyokuwa vigumu kumwondoa katika hali hiyo.

Akizuiwa

Wako wanaomchovya kuku katika maji baridi, wanaomfunga miguu juani, na hata wanaopitisha unyoya puani mwake. Mambo hayo humuumiza, nayo hayana faida inayoshinda njia iliyo rahisi. Njia yenyewe ni kumweka katika kitundu kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili hewa ipite chini ya kifua chake. Kitundu kiwe mahali penye mwanga na kivuli, wala kisitandikwe nyasi. Apewe chakula na maji kila siku, kwa maana kuku mwenye njaa hawezi kurudia kutaga.

Baada ya siku 3 hadi 5 wengi huacha kuatamia. Akifunguliwa akarudi moja kwa moja kiotani, arudishwe kitunduni kwa siku nyingine mbili. Kwa kawaida hutaga tena baada ya wiki moja hadi tatu, kwa kutegemea lishe na afya yake. Mayai yakikusanywa kila siku, na kuachwa moja tu lililotiwa alama ya mkaa, kuku hukawia kuingia tena katika hali ya kuatamia.

Akiachwa

Kuku anayefaa kuatamia ni mtulivu, mwenye afya, na aliyewahi kulea vizuri. Kiota kisafishwe, kitandikwe nyasi kavu na kunyunyiziwa majivu, kwa sababu utitiri humfanya kuku ayakimbie mayai. Yachaguliwe mayai masafi yasiyo na ufa, yaliyotagwa na kuku wanaokaa pamoja na jogoo, na yasiyozidi siku 7. Yasioshwe. Kuku wa kienyeji hufunika vema mayai 10 hadi 12. Yakizidi, mengine hupoa. Awekewe mayai hayo usiku, na chakula na maji yawe karibu.

Siku ya saba mayai yapimwe gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui. Lililo jeupe kote halina mbegu, nalo liondolewe. Kuanzia siku ya 18 kuku asisumbuliwe tena.

Faida ya Kuatamisha kwa Pamoja

Nyumba yenye kuku watatu wanaokaribia kuatamia yaweza kuwapanga waanze usiku mmoja. Aliyetangulia huwekewa mayai mawili ya kutegea kwa siku chache mpaka wenzake wawe tayari. Vifaranga wakianguliwa, wale wa kuku mmoja hugawiwa usiku kwa kuku wawili waliobaki, kabla hawajapita siku mbili tangu kuanguliwa. Kuku mmoja aweza kulea vifaranga 20 hivi wakati wa joto. Yule wa tatu hupelekwa kitunduni na kurudi mapema katika utagaji. Vifaranga wafunikwe kwa tenga katika wiki nne za kwanza, wakipewa chenga za mahindi, mchwa, na dagaa waliosagwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya kideri, ugonjwa usio na tiba ambao huweza kumaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine za kideri, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa muda mrefu. Mwenye vifaranga wanane peke yake huona gharama ni kubwa, akaacha. Nyumba kumi zenye vifaranga wa umri mmoja hugawana chupa hiyo kwa fedha kidogo na kwa siku moja.

Hapo ndipo chama cha msingi kinapoweza kusaidia. Katibu hahitaji zaidi ya daftari moja lenye jina la mwanachama, idadi ya kuku waliowekewa mayai, na tarehe ya kuanza. Mayai yaliyowekwa jioni ya tarehe 1 Juni hutazamiwa kuanguliwa tarehe 22 Juni. Kwa orodha hiyo katibu aweza kukusanya michango mapema na kupatana na mtaalamu wa mifugo juu ya siku ya kuchanja. Kwa kuwa katika nyumba nyingi kuku huangaliwa na akina mama, yafaa wao wenyewe waitwe katika kikao kitakachopanga tarehe hizo.