Kupaliwa na Mafuta

Mtoto anapokunywa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda na kusahauliwa chini ya meza ya jikoni, swali la kwanza la mama huwa ni kiasi gani alichokunywa. Ni swali la haki, kwani tumezoea kuipima sumu kwa tumbo. Lakini mintarafu ya mafuta ya jamii hii, ambayo wakemia huyaita haidrokaboni, tumbo si mahali pa kuanzia. Panya wa maabara aliyenyweshwa gramu 5 za mafuta ya taa kwa kila kilo ya uzito wake aghalabu huishi, ilhali matone machache ya mafuta yayo hayo, yakipotea njia yakaingia katika koo la pumzi, yaweza kumuua.

Kupotea njia huko ndiko kupaliwa. Maji yakikupalia utakohoa, machozi yatakutoka, na shida itakwisha. Bali mafuta mepesi, kwa wepesi wake wa kutiririka na ulegevu wa uso wake, hutambaa upesi mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa, na huko huharibu ule ute mwembamba ambao Mola ameutandaza ili vifuko visigandamane kila tutoapo pumzi. Ute huo ukiharibika, vifuko hunywea, damu hukosa hewa, na mapafu huvimba kwa uvimbe usioanzishwa na kijidudu chochote.

Mwaka 1963 Horace Gerarde, mtaalamu wa Marekani, aliwatia panya waliolazwa kwa dawa matone ya mafuta kinywani ili yawapalie, kisha akapima uzito wa mapafu yao. Ikadhihirika kwamba jambo kubwa ni mnato, yaani ule uzito wa kimiminiko unaokizuia kutiririka. Leo kanuni ya Umoja wa Mataifa ya kuainisha kemikali huihesabu haidrokaboni kuwa ya hatari ya kupalia, daraja la kwanza, ikiwa mnato wake katika joto la nyuzi 40 hauzidi milimita mraba 20.5 kwa sekunde. Mafuta ya taa hayafiki hata 3. Mafuta ya kupikia hupita 30. Kwa hiyo mrija wa kioo, na saa ya kupima muda wa mafuta kuupita, vyatosha kutoa hukumu bila kumwua mnyama, jambo ambalo mimi naliona ni fakhari ya elimu hii.

Kuvuta kwa pumzi ni mlango mwingine. Panya hufungiwa chumbani kwa saa 4, ikatafutwa kadiri ya hewa chafu iuayo nusu yao. Lakini mafuta mazito hayatoi mvuke wa kutosha, hata mpimaji hulazimika kuyapuliza yawe ukungu, na ukungu si mvuke. Fauka ya hayo, saa 4 hazioni madhara ya miaka: benzini, nayo ni haidrokaboni, huharibu uboho, na mafundi wa ndara wa Japani, katika miaka ya 1960, walilegea miguu kwa gundi yenye heksani, haidrokaboni nyingine.

Tumrudie mama. Aghalabu hukimbilia kumtapisha mwanawe, ilhali hilo ndilo tabibu alikatazalo. Mtoto apelekwe hospitali, akaangaliwe saa 6 kwa uchache, maana mafuta yaliyokwisha kushuka salama tumboni, yakitapishwa, hupita tena mbele ya mlango ule ule wa pumzi.