Boti za pedali: Zitapunguza petroli Rumonge, hazitavuka ziwa

RUMONGE – Uhaba wa petroli uliojirudia nchini Burundi, hasa mwaka 2023 na 2024, uliwabana wasafirishaji wa nchi kavu na wa majini. Kwa wenye mitumbwi na boti katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, swali ni moja: je, chombo kinachoendeshwa kwa pedali kinaweza kufanya kazi ya injini?

Jibu kwa ufupi ni kwamba pedali zinachukua nafasi ya kasia, si ya injini. Anayeelewa tofauti hiyo ataokoa fedha. Asiyeielewa anaweza kupoteza mzigo, hata maisha.

Zinavyofanya kazi

Mwendeshaji huketi akiegemea kiti na kukanyaga pedali mbele yake. Kuna aina mbili. Katika ya kwanza, pedali huzungusha propela kwa mnyororo au gia. Katika ya pili, pedali husukuma mapezi mawili chini ya chombo, yanayopunga kushoto na kulia. Aina hii ililetwa sokoni na kampuni ya Hobie ya Marekani mwaka 1997.

Faida yake inatokana na mwili wa binadamu. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko ya mikono, hivyo huchelewa kuchoka. Ndiyo sababu pampu za umwagiliaji za kukanyaga, kama MoneyMaker ya Kenya, hutumia miguu. Isitoshe, mikono hubaki huru kushika usukani, nyavu au mshipi.

Hesabu ya nguvu

Mtu mwenye afya njema anaweza kutoa wastani wa wati 75 hadi 100 kwa saa kadhaa. Nguvu farasi 1 ni wati 746. Kwa hiyo injini ya farasi 15 hutoa wati zaidi ya 11,000, sawa na watu 110 wanaokanyaga kwa pamoja.

Kuongeza watu hakusaidii sana, kwa sababu ili kuongeza mwendo mara mbili huhitajika nguvu karibu mara nane. Mtumbwi mwembamba wenye mzigo kiasi utakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Hizo ni saa 10 za kukanyaga bila kupumzika, tena ikiwa maji yametulia. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi ukianza, watu wawili hawawezi kushindana nao. Safari ya kwenda Congo au Kigoma ibaki kuwa ya injini.

Kazi zinazofaa

Pedali zinafaa kwa kukagua nyavu karibu na ufukwe, kupeleka watu na chakula kwenye boti iliyotia nanga, na kusogeza mizigo midogo kati ya boti kubwa na nchi kavu. Madumu 10 ya mawese ya lita 20 yana uzito wa karibu kilo 190. Watu wawili wanaweza kuyasogeza umbali mfupi katika maji tulivu.

Tuchukue mfano wa mwenye boti anayetumia lita 2 za petroli kwa siku kwa safari fupi za namna hiyo. Kwa siku 25 za kazi ni lita 50 kwa mwezi, ambazo angezibakiza kwa safari ndefu zenye faida.

Kununua au kutengeneza

Kayaki za pedali za viwandani mara nyingi huuzwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru, na nyingi zimekusudiwa mtu mmoja mwenye mzigo mdogo. Njia nyingine ni fundi baiskeli na fundi mitumbwi kushirikiana. Kabla ya kulipa, mteja aangalie mambo haya:

- Propela iwe pana, nyembamba na ya mwendo wa polepole. Ya injini haifai.
- Miguu huzunguka mara 60 hivi kwa dakika, kwa hiyo gia ziongeze mzunguko wa propela mara kadhaa.
- Propela iweze kuinuliwa, kwa sababu nyavu, kamba na mchanga wa ufukweni huikwamisha.
- Mahali ekseli inapopita kwenye mtumbwi pazibwe vizuri na kutiwa grisi.
- Kasia libaki ndani siku zote. Mnyororo ukikatika, ndilo litakalorudisha watu nyumbani.

Jaketi la kuokolea ni la lazima hata kwa safari ya mita 200. Kwa wafanyabiashara, chombo kukosa injini hakuondoi wajibu wa kutangaza mzigo forodhani unapotoka au kuingia nchini.

Mwenye boti aanze kwa kuandika kwa mwezi mmoja ni lita ngapi zinakwenda kwenye safari fupi. Zikiwa chache, fedha yake ibaki mfukoni. Zikiwa nyingi, pedali zinaweza kujilipa.