Bomba linalovuja laweza kuwafundisha vijana wetu Kiingereza



Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, kwa kawaida, husoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili. Anapoingia Kidato cha Kwanza mambo hugeuka ghafla. Jiografia, Baiolojia, Kemia na Hisabati huja kwa Kiingereza, na mitihani yake huja kwa lugha hiyo hiyo. Wapo wanaomudu mageuzi hayo, lakini wengi hunyamaza. Mwanafunzi aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono katika Darasa la Sita huinamisha kichwa Kidato cha Kwanza, si kwa kuwa akili imepungua, bali anachelea kuchekwa. Hukariri maelezo yaliyoandikwa ubaoni na kuyarudisha kwenye karatasi ya mtihani kama yalivyo. Aweza kuandika kwa Kiingereza maana ya mmomonyoko wa udongo bila kukosea herufi, ilhali nyuma ya darasa lake maji ya mvua yanachimba korongo, naye hajui kwamba hayo mawili ni kitu kimoja.

Makala haya yanawahusu wazazi na kamati za misikiti kwa sababu hiyo. Tuna matatizo mawili ambayo tumezoea kuyatenga: vijana wasioweza kusema Kiingereza, na shule zilizochakaa mazingira yake. Uzoefu wa darasa la Jumamosi linaloendeshwa na kamati ya msikiti wetu umetuonesha kwamba moja laweza kuwa dawa ya jingine.

Je, Kiingereza kina nafasi msikitini?

Darasa hilo lilipopendekezwa, baadhi ya wazee wetu walihoji, na walikuwa na haki ya kuhoji. Walisema msikiti ni wa ibada na Qur'ani, na Kiingereza kina mahali pake. Jibu tulilipata katika sira. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.), akiwa bado kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua. Zayd aliyamudu kwa takriban nusu mwezi. Hapana shaka alikuwa na akili kubwa, lakini tutazame pia namna alivyojifunza. Alipewa kazi ya kweli: barua za kusomwa na majibu ya kuandikwa. Lugha ilikuwa chombo cha amana aliyokabidhiwa.

Vijana wetu wengi hawajapata kukabidhiwa kazi ya kweli kwa Kiingereza. Wanaombwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika sentensi zinazozungumzia watu na miji wasiyoijua. Tukasema: na tuwape kazi. Na kazi iliyo karibu nao zaidi ni shule yao wenyewe.

Somo lenyewe linavyokwenda

Somo la kwanza huanzia penye mabomba ya kutilia udhu. Kila kijana hupewa daftari na kuambiwa aandike anachokiona kwa sentensi fupi: "The tap is leaking." Hapo amekwisha kujifunza namna Kiingereza kinavyoeleza jambo linalotendeka sasa, wala hakuhitaji kukariri kanuni. Kisha huulizwa: maji kiasi gani? Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita moja, basi kwa siku moja hupotea zaidi ya lita 4, na kwa mwezi lita zipatazo 130. Vijana huifanya hesabu hiyo kwa sauti, kwa Kiingereza, wakisahihishana.

Ndipo hukumbushwa hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Maana yake, bomba moja bovu humwaga kila siku maji ambayo yangetosha udhu wa watu wanne au zaidi. Baada ya hapo neno "waste" halihitaji tena kamusi, kwa kuwa kijana amelipima na kulifungamanisha na israfu anayoijua tangu chuoni.

Somo la pili hufanywa shuleni kwao. Kwa wiki nzima kila kijana huwa mkaguzi: taka hutupwa wapi, chupa za plastiki huchomwa au hukusanywa, miti mingapi ina kivuli, choo kina maji au hakina, jiko la shule lapikia nini. Jumamosi inayofuata husimama na kutoa taarifa. Hapa hujifunza kulinganisha, kuhesabu, na kueleza sababu na matokeo.

Somo la tatu ni la kupendekeza, na hapa ndipo lugha inapohitaji adabu. Kiingereza kina njia nyingi za kumwambia mtu afanye jambo. Kuna "must", lenye sauti ya amri. Kuna "should", lenye sauti ya nasaha. Na kuna maneno ya kuomba. Vijana waliandika barua kwa wakuu wa shule zao, na rasimu za mwanzo zilijaa amri. Tukawauliza: je, hivi ndivyo Muislamu amsemeshavyo aliyemzidi umri na cheo? Barua zikaandikwa upya, zikianza kwa shukrani, zikaeleza tatizo, kisha zikaonesha ni sehemu gani ya kazi wanafunzi wenyewe wako tayari kuifanya.

Majibu hayakuwa sawa. Shule moja iliwaita vijana, ikawasikiliza na kutengeneza bomba. Nyingine haikujibu, na mwanafunzi mmoja aliambiwa ashughulike na masomo yake. Aliporudi darasani akiwa na huzuni tulimweleza kwamba hayo nayo ni masomo, na kwamba anayenasihi huangaliwa nia yake na njia yake, matokeo yapo mikononi mwa Allah (s.w.).

Si jambo dogo

Wapo watakaosema kwamba taka na mabomba ni mambo madogo. Tumwangalie binti wa Kidato cha Pili katika shule ambayo choo chake hakina maji. Katika siku zake za hedhi atachagua lipi: kukaa darasani bila sitara ya kutosha, au kubaki nyumbani? Wengi hubaki nyumbani, na vipindi walivyovikosa havirudiwi. Tangi linalovuja, basi, linagusa elimu na heshima ya binti zetu. Katika darasa letu ni binti aliyelisema jambo hilo, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kilichoeleweka na kila mtu. Kwa miezi mingi hakuwa amezungumza mbele ya wenzake. Alipopata jambo lililomuuma, alizungumza, na hakuna aliyecheka.

Nchi nayo inakwenda katika njia hiyo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na shule zinazopikia wanafunzi kwa kuni ni miongoni mwa zinazotakiwa kubadilika. Ulimwenguni upo mpango uitwao Eco-Schools, ulioanzia Ulaya mwaka 1994, ambao una hatua 7. Hatua ya kwanza ni kuunda kamati yenye wanafunzi ndani yake, na ya pili ni kukagua hali ya mazingira ya shule. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari na macho.

Wala si mageni katika dini yetu. Qur'ani, katika Suratur-Rum aya ya 41, inatufahamisha kwamba uharibifu wa bara na bahari umetokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Mtume (s.a.w.) ameijaalia kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, na akahesabu kuwa sadaka kila anacholiwa mwenye kupanda mti, awe mlaji ni mtu, ndege au mnyama. Huko Pemba, wavuvi wa kisiwa cha Misali walifundishwa kuilinda bahari yao kwa misingi hii hii ya Uislamu. Ikiwa mafundisho haya yalifaa kwa mvuvi na nyavu zake, yatamfaa na mwanafunzi na uwanja wa shule yake.

Wito kwa wazazi na kamati

Kwa kamati za misikiti: tafuteni mwalimu mmoja wa Kiingereza miongoni mwa waumini, na saa mbili za Jumamosi. Anzeni na mabomba ya udhu ya msikiti wenu, kwani si vyema kijana akakague shule ilhali ya nyumbani kwake yanavuja.

Kwa wazazi: mwanao anaporudi shuleni, usimuulize tu amepata alama ngapi. Muulize ameona nini leo kinachohitaji kutengenezwa, na mwache akueleze kwa Kiingereza hata kama wewe hukijui vyema. Akikwama, mwambie ajaribu tena, wala usimcheke. Kisha muulize yeye atafanya nini juu ya hilo.

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, ndimi zinazosema haki, na mikono inayotengeneza kuliko kuharibu. Wabillahi tawfiiq.