Kidole Kimoja Juu

Mtu anatembea polepole katikati ya magari yaliyoegeshwa nje ya uwanja. Hasemi kitu. Ameinua mkono, kidole kimoja kikielekea juu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Mgeni atadhani anahesabu, au anaapa. Wenyeji wanajua maana yake: hana tiketi, na anangoja mtu asiyemjua ampe moja bure. Tiketi ya namna hiyo huitwa "muujiza", jina lililotokana na wimbo wa bendi yao wa mwaka 1978. Na miujiza hutokea. Mtu ambaye mwenzake amekwama njiani ana tiketi ya ziada mfukoni, anaona kidole, anatoa, anaondoka zake.

Hawa ndio Deadheads, wafuasi wa Grateful Dead, bendi ya roki iliyozaliwa Palo Alto, California, mwaka 1965. Kwa miaka 30 bendi hiyo ilipiga maonyesho yapatayo 2,300, na nyuma yake likakua kundi la watu wenye mila zao kamili. Wana vazi lao, fulana za batiki ya kufunga zenye rangi zinazozunguka kama maji ya kimbunga. Wana soko lao, msamiati wao, miiko yao na namna yao ya kuomboleza. Na kama kila jamii inayokaa kibarazani kungoja habari, wana tetesi zao. Ukitaka kuielewa jamii hii anza na tetesi, kwa kuwa ndiyo kamba iliyowafunga pamoja.

Chanzo chake ni tabia ya bendi yenyewe. Wanamuziki wengi wakiwa ziarani hupiga nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, mji baada ya mji. Jerry Garcia, mpiga gitaa wa Grateful Dead, na wenzake hawakuwa hivyo. Walikuwa na hazina ya nyimbo nyingi, na kila usiku walichagua upya. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua dakika nane leo na dakika 25 kesho, au ukapotea miaka mingi pasipo maelezo. Aliyehudhuria usiku mmoja hakuwa amehudhuria usiku uliofuata. Ndiyo maana watu walifuata basi kwa basi, jimbo kwa jimbo, na swali la kila asubuhi lilikuwa moja: leo watafungua na wimbo gani?

Hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu alikuwa na haki ya kusema. Mmoja amesikia kupitia ukutani mlio wa gitaa bendi ilipokuwa ikijaribu vyombo mchana. Mwingine ana daftari la nyimbo zote za ziara, amepiga hesabu na kuona kwamba wimbo fulani "umeiva". Wa tatu ana rafiki ambaye shemeji yake hubeba spika. Mwaka 1987 madaftari ya aina hiyo yalianza kukusanywa kuwa kitabu, DeadBase, chenye orodha za nyimbo za maonyesho kwa maelfu. Tetesi sasa ikawa na rejea, kama wakili mwenye sheria kwapani.

Tukio linalotajwa kila mtu anapobishia uvumi lilitokea Hampton, Virginia, Oktoba 1989. Bendi ilikuwa imechoshwa na umati wa wasio na tiketi waliokuwa wakiizingira miji. Ikatangaza maonyesho mawili siku chache tu kabla, tiketi ziuzwe hapohapo mjini, na bango halikutaja Grateful Dead. Liliwataja kama watu waliowahi kuitwa Warlocks, jina la bendi kabla ya Desemba 1965. Fununu ikaenea kwa simu na kwa midomo. Waliodharau walilala nyumbani. Waliokwenda walisikia, usiku wa tarehe 9, wimbo "Dark Star" ambao haukuwa umepigwa tangu Julai 1984. Tangu siku hiyo uvumi wa kijinga kuliko wote una wa kuutetea, maana hata ule wa Hampton ulionekana wa kijinga.

Lakini jamii inayoishi kwa maneno ya kupokezana lazima iwe na njia ya kupima ukweli, na hapo ndipo kaseti zinapoingia. Mapema miaka ya 1970 mashabiki walianza kuingia ukumbini na vinasa sauti, maikrofoni zimefichwa ndani ya makoti. Bendi ikaja kuwavumilia. Mwaka 1984 iliwatengea eneo rasmi nyuma ya meza ya fundi wa sauti, na vijiti vyao vya maikrofoni vikasimama pale kama shamba la mtama. Sharti lilikuwa moja, nalo lilishikwa kama mwiko: kaseti haiuzwi. Hubadilishwa kwa kaseti. Mwanagenzi asiye na cha kubadilisha alituma kaseti tupu na stempu za kurudishia, akajaziwa bila malipo. Anayejaribu kuuza alionekana kama mtu anayeuza maji ya kisima cha kijiji.

Kila nakala ilizidisha mchakacho wa sauti. Kwa hiyo mkusanyaji makini aliandika juu ya kasha: imenaswa na maikrofoni gani, kwa mashine gani, na imepita mikono mingapi tangu ile ya kwanza. Msomi wa hadithi za Mtume angeutambua mtindo huu mara moja. Ni isnadi. Kaseti isiyo na mnyororo wa wapokezi ilitiliwa shaka, na tetesi vilevile: umeisikia kwa nani, naye kwa nani?

Onyesho linaloheshimiwa kuliko mengi lilifanyika Chuo Kikuu cha Cornell, ukumbi wa Barton Hall, tarehe 8 Mei 1977. Fundi wa bendi, Betty Cantor-Jackson, alilinasa kwa ustadi mkubwa, nakala zikasambaa, na baadaye rekodi hiyo ikaingizwa katika hazina ya sauti za taifa inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Na bado mashabiki wana mzaha wao wanaousimulia kwa uso mkavu: kwamba onyesho la Cornell halikufanyika kabisa, lilibuniwa. Watu wanaojua tarehe zote kwa moyo wanajichezea na tarehe wanayoipenda zaidi. Ni utani wa ndugu, na mgeni akikasirika huwa amejitambulisha kuwa mgeni.

Kabla ya safari kulikuwa na ibada ya posta. Kuanzia 1983 bendi iliuza sehemu ya tiketi zake yenyewe kwa barua. Ulitakiwa kuandika kadi ya ukubwa uliotajwa, kuweka hundi ya posta na bahasha ya majibu yenye stempu, kisha kuituma siku iliyopangwa. Ukikosea kidogo, maombi yanarudi. Ikavuma kwamba bahasha iliyopambwa humvutia karani, na mwenye bahasha nzuri hupata kiti cha mbele. Uvumi huo ulizaa sanaa nzima. Watu walikaa mezani usiku kucha wakichora mifupa inayocheza, mawaridi na dubu wa rangi, kwa wino na rangi za maji, ili tu barua ifunguliwe na kutupwa. Nyingi hazikutupwa. Zinatunzwa leo pamoja na kumbukumbu nyingine za bendi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz.

Siku ya onyesho, maegesho yaligeuka gulio tangu mchana. Wafuasi huliita Shakedown Street, kwa jina la albamu ya mwaka 1978. Mtu aliuza mikate ya jibini iliyochomwa juu ya jiko la gesi, mwingine maharage yaliyoviringishwa ndani ya chapati ya Kimeksiko, mwingine fulana alizotia rangi ndani ya beseni nyumbani kwao. Faida haikuwa ya kujengea nyumba. Ilikuwa mafuta ya gari hadi mji unaofuata. Dawa za kulevya pia ziliuzwa, na jamii hii haijawahi kudai ni ya watakatifu. Ila nayo ilijitafutia dawa yake. Miaka ya 1980 baadhi yao walioacha ulevi waliunda kikundi cha Wharf Rats. Wakati wa mapumziko, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ya onyesho, hukutana chini ya maputo ya njano, wakasaidiana kuumaliza usiku bila kuonja. Hakuna anayewacheka, na asiyekunywa ana nafasi yake kama anayekunywa.

Viziwi nao walikuwa na sehemu yao mbele, mkalimani wa lugha ya ishara akiwatazama, wao wakikumbatia maputo ili mtetemo wa besi uwaingie mikononi. Na korido za ukumbi zilikuwa za wazungukaji, watu wa sketi pana waliojizungusha kwa saa nzima bila hata kuliona jukwaa.

Kila mila ina siku inayoipima. Mwaka 1987 wimbo "Touch of Grey" ulipanda hadi nafasi ya tisa katika chati ya Marekani, na bendi ambayo ilikuwa siri ya wengi ikawa ya kila mtu. Maegesho yakajaa watu waliovutwa na sherehe wasiojua adabu yake. Tetesi ileile iliyowaita ndugu sasa iliita wasiohusika: njoo, huhitaji tiketi, utaingia tu. Tarehe 2 Julai 1995, huko Deer Creek, Indiana, maelfu waliokuwa nje waliangusha uzio. Onyesho la kesho yake likafutwa. Bendi ikawaandikia mashabiki barua kali, ikiwaambia kwamba asiye na tiketi asije. Yaani ilikuwa ikiwaomba wakishushe kile kidole.

Haikupata muda wa kuona kama wangesikia. Wiki moja baadaye, tarehe 9 Julai, ilipiga onyesho la mwisho Soldier Field, Chicago, na tarehe 9 Agosti Jerry Garcia akafariki dunia akiwa na miaka 53. Watu walikusanyika katika bustani ya Golden Gate, San Francisco, wakiwa na ngoma, mishumaa na kaseti. Kwa muda hakukuwa na cha kutabiri.

Kisha fununu zikaota tena. Waliobaki wakarudi jukwaani kwa majina mbalimbali. Mwaka 2015, kuadhimisha miaka 50, wanne kati yao walitangaza maonyesho ya kuagana Chicago, na maombi ya posta yakamiminika kwa makumi ya maelfu ya bahasha, nyingi zikiwa zimechorwa kama zamani. Yakaongezwa mawili Santa Clara, California. Jioni ya kwanza huko, upinde wa mvua ulitanda juu ya uwanja. Kabla haujafifia, uvumi ulikuwa umeshazunguka kwamba bendi imeulipia, dola 50,000. Ukachapishwa hata gazetini. Ilikuwa mvua na jua tu, lakini nani angetaka kuamini hivyo?

Na kuaga kwenyewe? Miezi michache baadaye baadhi ya walioaga walianza ziara wakiwa na mpiga gitaa kijana, John Mayer, kwa jina la Dead & Company. Mwaka 2023 wakafanya ziara waliyoitangaza kuwa ya mwisho. Mwaka 2024 walikuwa Las Vegas, na Agosti 2025 wakapiga siku tatu Golden Gate, miaka 60 tangu mwanzo. Phil Lesh, mpiga besi wa tangu zamani, alikuwa ameshafariki Oktoba 2024. Mashabiki wazee wamejifunza kulisikia neno "mwisho" kama wanavyosikia tetesi nyingine zote: kwa tabasamu, huku wakiweka akiba ya nauli.

Kisa cha jina la bendi, yaani "wafu wenye shukrani", Garcia alikikuta ndani ya kamusi mwishoni mwa 1965. Ni ngano ya kale inayosimuliwa katika nchi nyingi. Msafiri anakuta maiti iliyonyimwa kaburi kwa sababu ya madeni. Anayalipa kwa fedha yake ya mwisho, anamzika mtu asiyemjua, anaendelea na njia. Mbele ya safari anapata mwenzi anayemwokoa katika kila shida, na mwishoni mwenzi huyo anajitambulisha: mimi ndiye uliyenizika. Mwenye tiketi ya ziada pale maegeshoni huenda hajawahi kuisoma ngano hiyo. Anaitenda. Anaona kidole, anatoa, haulizi jina. Aliyepewa anakishusha kidole, anapangusa macho, anaingia kwenye foleni. Na kabla hajafika mlangoni amemgeukia aliye mbele yake, mtu asiyemfahamu, na kumnong'oneza alichosikia kuhusu wimbo wa kufungulia.